Majani ya Kikuyu katika Mabonde ya Maji ya Kinangop

Barabara itokayo Nairobi kwenda Naivasha hupanda pole pole kupita Limuru na Uplands, ikaingia katika msitu wa Kinale, hata ikafika mahali paitwapo Flyover. Hapo mwenye safari ya Naivasha huendelea mbele, na mwenye safari ya Kinangop hushika njia ya mkono wa kuume. Njia hiyo hupita Njabini, Engineer na Ndunyu Njeru, na mwisho wake ni Ol Kalou. Kwa upande wa mashariki msafiri huiona milima ya Nyandarua, ambayo kilele chake kiitwacho Kinangop kina kimo cha mita 3,906. Kwa upande wa magharibi nchi hukatika ghafula, na chini kabisa ni Bonde la Ufa na ziwa la Naivasha. Katikati ya milima na ukingo huo ndipo palipo uwanda wa Kinangop, nchi ya baridi, ya ukungu wa asubuhi, ya viazi, kabichi na maziwa.

Mgeni apitaye huko wakati wa kiangazi hudhani ya kuwa ni nchi tambarare, kavu na rahisi kulimwa. Akirudi mwezi wa Mei, baada ya mvua za masika kushika, ataona nchi nyingine. Kila bonde dogo lina maji. Njia za ng'ombe zimekuwa mitaro ya tope, na mahali palipokuwa na malisho mwezi wa Februari sasa pana vyura. Sababu yake si wingi wa mvua peke yake. Katika sehemu kubwa ya uwanda huo udongo wa juu ni mwepesi na haukwenda chini sana, na chini yake pana tabaka la udongo wa mfinyanzi, mzito na mgumu, ambalo maji hayawezi kulipenya upesi. Basi mvua inyeshapo, maji hushuka kidogo, hukutana na mfinyanzi, hukosa njia, na kusimama hapo hapo.

Nchi hii imebadilisha wenyewe mara kadhaa. Zamani ilikuwa malisho ya Wamaasai. Katika mapatano ya mwaka 1904, ambayo kwayo Wamaasai walitakiwa kuhama Bonde la Ufa, waliachiwa haki ya maili tano za mraba katika miteremko ya Kinangop kwa ajili ya sherehe zao za tohara. Baadaye nchi ikawa mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu, waliofuga kondoo na ng'ombe wa maziwa na kupanda pareto. Mwaka 1956 bwawa la Sasumua, lililo karibu na Njabini, lilimalizika kujengwa, na tangu hapo maji ya Kinangop yananywewa Nairobi. Kisha, mwaka 1962, ulianza mpango wa kununua ekari milioni moja za walowezi na kuwagawia Waafrika kwa mkopo. Jamaa nyingi, na hasa za Wakikuyu, zikapanda uwandani na kuanza maisha mapya kwenye baridi.

Tangu siku zile mashamba yamegawanywa tena na tena baina ya watoto na wajukuu. Mahali palipokuwa na shamba moja leo pana boma nne au tano. Nyumba zimejengwa juu palipo pakavu, na karibu na nyumba pamelimwa viazi na mboga. Ng'ombe hakusaliwa na mahali pengine ila bondeni kwenye maji. Hapo ndipo penye swali kubwa la mkulima wa Kinangop, kwa maana viazi huleta fedha mara moja au mbili kwa mwaka, na bei yake hupanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa, lakini maziwa huleta fedha kila mwezi, na karo ya shule haingoji msimu. Bonde lenye maji likitoa malisho mazuri, watoto watasoma. Likitoa majani magumu yasiyolika, ng'ombe atasimama ndani ya tope amekonda, na mkulima atakwenda sokoni kununua chakula cha mnyama kwa fedha ambazo angemlishia mwanawe.

Majani ya asili ya mabonde hayo ni yale yaotayo kwa mafungu, marefu na makali, kama vichwa vya watu wasionyolewa. Moja la majani hayo Wazungu waliliita jani la manyatta. Ng'ombe hulikwepa, maana ni gumu kama kamba. Hula majani laini yaliyo kati ya mafungu, na kwa kuwa lile gumu haliguswi, huzidi kuenea mwaka hata mwaka. Shamba la namna hiyo huonekana kijani kutoka mbali, lakini ng'ombe hushinda humo mchana kutwa akatoka na njaa.

Lakini msafiri akitazama vizuri kando ya njia, penye malango, na mahali palipokuwa boma la ng'ombe miaka iliyopita, ataona majani ya namna nyingine. Ni mafupi, mororo, ya kijani kibichi, yameshikana kama zulia, na ng'ombe hawabanduki hapo. Hayo ndiyo majani ya Kikuyu. Hakuna aliyeyapanda. Yamejipanda yenyewe, tena yamechagua mahali palipo na samadi.

Majani haya ni wenyeji wa nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, tangu Ethiopia na Kenya hata Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Hupenda baridi na mvua, na makao yake hasa ni nchi zilizo kati ya mita 2,000 na 2,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtaalamu Mwitaliano aitwaye Emilio Chiovenda ndiye aliyeyaandika katika vitabu vya elimu ya mimea mwaka 1903, akayapa jina la Kilatini Pennisetum clandestinum. Siku hizi wataalamu wameyahamishia ukoo mwingine na kuyaita Cenchrus clandestinus. Neno hilo la pili maana yake ni kitu kilichofichika, na jina limefaa, kwa sababu maua ya majani haya hayaonekani kwa urahisi. Hayatoi shuke kama mtama wala ngano. Ua hukaa ndani ya ala ya jani, karibu na ardhi, na dalili yake ni nyuzi nyembamba nyeupe zitokezazo asubuhi juu ya majani yaliyoliwa au kukatwa. Mbegu nazo hujificha humo humo. Ng'ombe huzila pamoja na majani, nyingine hupita tumboni bila kusagwa, na huota katika mavi yake mahali alipokwenda.

Nguvu yake kubwa, hata hivyo, si mbegu. Majani haya yana mashina ya namna mbili. Mengine hutambaa juu ya ardhi na kutia mizizi kila penye kifundo. Mengine hupita chini ya ardhi, meupe na manene. Kwato zikiyakanyaga, hayafi. Baridi kali ya usiku ikiunguza majani ya juu, kama itokeavyo Kinangop katika miezi ya kiangazi, mashina ya chini hungoja na kuchipua tena. Jembe likiyakatakata, kila kipande chenye kifundo huweza kuwa mche mpya. Mkulima mvivu akiyalima mara moja wakati wa mvua, kwa kweli ameyapanda.

Ni kwa ajili ya nguvu hiyo watu wa nchi za mbali waliyataka. Yalitoka Kenya, kutoka sehemu za Naivasha, yakapelekwa Afrika ya Kusini, na mwaka 1911 yalikuwa yakijaribiwa huko Pretoria. Mwaka 1919 mbegu zilizotoka Kongo zilifika Australia. Yalifika New Zealand na Hawaii, na katika nyanda za juu za Kolombia, ambako watu huyaita kikuyo, ng'ombe wengi wa maziwa huyategemea. Karibu na Los Angeles, katika Marekani, uwanja mashuhuri wa gofu wa Riviera umefunikwa na majani haya haya. Lakini sifa hiyo ina upande wa pili. Serikali ya Marekani imeyaandika katika orodha ya magugu mabaya, na huko Hawaii yameingia misituni na kuisonga miche ya miti ya asili isipate kuota. Mgeni aliyekaribishwa ili kulisha ng'ombe amekuwa mwizi wa ardhi.

Habari hizo za ng'ambo zina mafundisho kwa mkulima wa Kinangop. Majani ya Kikuyu ni chakula na ni gugu, yote mawili kwa wakati mmoja, na kazi ya mwenye shamba ni kuyaonyesha mahali pake. Bonde lenye maji lina sehemu tatu, na kila sehemu ina haki yake.

Sehemu ya kwanza ni pale chini kabisa, ambapo maji husimama kwa majuma mengi. Hapo majani ya Kikuyu hayafai. Huvumilia tope, na huvumilia kufunikwa na maji kwa siku chache, lakini mizizi yake ikizamishwa muda mrefu hugeuka manjano na kufa. Anayeyapanda katika maji yaliyosimama anapoteza nguvu zake bure. Tena pahali hapo ndipo wakaapo konokono wadogo wanaobeba minyoo ya ini, ambayo huwakondesha ng'ombe na kondoo na kupunguza maziwa. Ni afadhali pazungushiwe ua, ng'ombe wasiingie, na maji ya kunywa wachotewe au wapelekewe kwa mfereji hadi kwenye birika. Wale ambao ng'ombe wao wamezoea kulisha humo wamwulize daktari wa mifugo habari za dawa ya minyoo hiyo, na wakati ufaao kuitumia.

Sehemu ya pili ni ule mteremko mdogo ulio juu ya maji, ambao hulowa wakati wa masika lakini haugeuki ziwa. Hapa ndipo mahali pa majani ya Kikuyu. Kazi huanza katika kiangazi, kwa kuyang'oa yale mafungu magumu kwa jembe, mizizi na yote, na kuyaacha yakauke juani. Kisha huchimbwa mitaro midogo, isiyokwenda chini sana, ikipita kwa kukingama mteremko, ili maji ya juu yapate njia. Mtaro uliochimbwa kwa kunyoosha kutoka juu hadi chini ni hatari, maana mvua moja kubwa itaufanya korongo. Samadi ya boma hutandazwa kwa wingi, kwa sababu majani haya hayapendi umaskini. Katika udongo wenye rutuba huwashinda adui zake wote. Udongo ukichoka, huwa membamba na ya manjano, na yale mafungu magumu hurudi kudai nyumba yao.

Mvua za masika zikianza, hukatwa vipande vya mashina yatambaayo, kila kimoja kikiwa na vifundo viwili au vitatu, vikapandwa kwa mistari iliyoachana kama hatua moja. Nusu ya kipande hufukiwa na nusu huachwa nje, na udongo hukanyagwa ushikane. Hakuna haja ya kununua miche, kwa kuwa kando ya barabara iko tele. Ng'ombe huzuiwa mpaka majani yashikane na kuvutwa kwake kusiyang'oe. Kati ya mistari huota klova nyeupe ya Kenya, ambayo ni mwenyeji wa nyanda hizi na rafiki wa zamani wa majani ya Kikuyu. Klova hiyo huchukua naitrojeni ya hewani na kuitia katika udongo, na jirani yake hufaidika. Asiiondoe mtu kwa kudhani ni gugu.

Kulisha nako kuna adabu yake. Majani ya Kikuyu yakiachwa kurefuka sana, hutandikana kama godoro, chini yakawa mashina matupu yasiyo na faida, na ng'ombe hujaza tumbo bila kujaza ndoo. Yakiliwa kila siku hadi udongoni, klova huwa na nafasi lakini majani yenyewe hudhoofika. Lililo bora ni kukigawa kipande hicho kwa seng'enge au kwa kamba na vijiti, ng'ombe walishe sehemu moja mpaka majani yabaki urefu wa vidole vitatu hivi, kisha wahamishiwe nyingine, na ile ya kwanza ipumzike mpaka ifike kimo cha shubiri moja hivi. Siku za mvua nyingi, ambapo kila ukwato unachimba shimo, ni afadhali majani yakatwe kwa panga na kupelekwa bandani. Tena ng'ombe asikose chumvi, kwa sababu majani haya yana upungufu wa chumvi, hata yakiwa mazuri namna gani. Na viwavi jeshi wakiyavamia, ng'ombe waondolewe hapo kwa muda. Imeonekana katika nchi nyingine wakifa ghafula kwa kulishwa majani ya Kikuyu yaliyotoka kuliwa na viwavi hivyo.

Wengine watauliza kwa nini wasipande majani ya Napier, ambayo Serikali na mabwana shamba wameyasifu kwa miaka mingi. Napier ni mazuri sana katika Kiambu, Murang'a na nchi nyinginezo zenye joto kidogo. Lakini juu ya Kinangop baridi huyachelewesha, na mizizi yake haitaki kukaa majini. Mwenye kipande kikavu chenye rutuba aweza kuyajaribu. Bondeni yamwachie mwenzake.

Sehemu ya tatu ni shamba la jembe, palipo viazi, kabichi na karoti. Hapo majani ya Kikuyu ni adui kamili. Shina moja lililopenya chini ya ua mwezi wa Aprili litakuwa limefika katikati ya viazi kabla ya mavuno. Kwa hiyo, baina ya malisho na shamba, mkulima aache ukanda wa udongo mtupu wenye upana wa hatua moja au mbili, na kila mwezi aupitie kwa jembe, akikata kila kinachovuka. Kazi hiyo si kubwa. Mtoto atokaye shule aweza kuimaliza jioni moja. Lakini asiyeziba ufa hujenga ukuta. Aliyeacha ukanda huo mwaka mmoja tu, itampasa alime shamba zima wakati wa kiangazi, afukue yale mashina meupe, ayakusanye kwa uma na kuyaanika juani mpaka yawe makavu kabisa, au sivyo anunue dawa ya kuua magugu, ambayo bei yake si ndogo.

Kuna na mwingine mwenye haki katika mabonde haya, naye hana mtu wa kumsemea. Ni ndege mdogo mwenye kifua cha manjano, ambaye wataalamu humwita Macronyx sharpei. Ndege huyu haonekani katika nchi yoyote duniani isipokuwa Kenya, na Kinangop ni moja ya makao yake makubwa. Hujenga tundu lake chini, katika yale mafungu ya majani ambayo ng'ombe huyakataa. Kila uwanda ulimwapo, hupungua, na sasa amehesabiwa katika viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Wapenda ndege wamenunua vipande vya ardhi huko ili kumhifadhi, lakini vipande hivyo havitoshi. Mkulima akiacha mafungu katika sehemu yenye maji yaliyosimama na kandokando yake, ambapo kwa vyovyote asingepata malisho mazuri, hatapungukiwa na kikombe kimoja cha maziwa, na wajukuu wake watamwona ndege ambaye watu wa Ulaya husafiri maelfu ya maili ili kumtazama.

Jioni, ukungu ushukapo kutoka Nyandarua, magari ya maziwa hupita katika njia za Engineer na Ndunyu Njeru, na kando ya barabara husimama watu na makopo yao. Katika makopo hayo mna habari za mabonde yote. Aliyeliacha bonde lake kwa mafungu magumu ana kopo jepesi. Aliyeyaachilia majani ya Kikuyu yaende yatakako ana maziwa leo, lakini viazi vyake vimekwisha kusongwa. Aliyeyapa mahali pake, akayalisha samadi na kuyalindia mpaka, huja na kopo zito mwezi wa masika na mwezi wa kiangazi pia. Majani yenyewe hayakumgharimu ila jasho, kwa kuwa yalikuwa kando ya njia tangu zamani, yakingoja mtu wa kuyatumia kwa akili.